Wapangaji wa Baba

Nianze na chupa, maana bila ile chupa hamtanielewa.

Ni chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, imefungwa kwa waya kwenye nondo za dirisha la chumba cha baba, upande wa nje. Ina maji nusu. Mpira mwembamba unatoka chumbani, unapita kwenye tundu la wavu, unazama kwenye yale maji. Kila baada ya muda povu moja linatoka kwenye mpira, linapanda, linapasuka. Plup. Kimya. Plup.

Baba tulimzika Jumanne. Wiki ya nne baada ya hapo, saa saba mchana, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nakata kucha za miguu, nikaisikia. Plup. Nikahesabu. Sita, plup. Sita, plup. Nikaweka wembe chini. Miezi miwili ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nakaa na baba mchana ili mama apate kulala, na mle ndani sikuwa na kazi nyingine ila kuhesabu pumzi zake. Kati ya pumzi na pumzi, hesabu sita. Naijua ile sita kuliko namba yangu ya mtihani.

Na chumba kilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mama, kaufunga kwenye pindo la nguo, na hakuna aliyekuwa anaingia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Sisi tunakaa nyuma ya machinjio ya kuku. Mbele kuna banda la kuchinjia, meza za vigae, masufuria makubwa ya maji ya moto ya kunyonyolea. Nyuma kuna uwanja wa saruji, halafu vyumba vyetu viwili, halafu mtambo wa gesi. Vyumba vinakwenda na mtambo. Anayeulisha ndiye anayelala pale, ndivyo baba alivyokubaliana na mwenye machinjio miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwenye machinjio ni mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Mbele yake tunamwita mama. Akigeuka, Mama Manyoya.

Mtambo wenyewe ni shimo la saruji, refu kwenda chini, limefunikwa na kofia kubwa ya chuma. Uchafu wote wa machinjio unaingia kwa mdomo mmoja pembeni: utumbo, mavi ya kuku, damu kidogo, pamoja na maganda na majani tunayochukua kwa wauza mboga wa jirani. Ndani unaoza, gesi inapanda, kofia inanyanyuka. Jikoni wakiwasha kuchemsha maji, kofia inashuka. Ukiitazama kutwa, utaona kifua.

Wanaoozesha ni vijidudu. Baba alikuwa anawaita wapangaji. "Hawalipi kodi," alikuwa anasema, "lakini wanapika."

Sasa kuku ana ubaya mmoja. Damu yake na mavi yake vikioza vinatoa amonia. Mnaijua, hata kama hamjui jina lake. Ni ile harufu ya choo cha shule siku ya jua, ile inayoingia puani ikatokea machoni. Amonia ikizidi shimoni wapangaji wanakufa, na mtambo unabaki dimbwi la uchafu. Ndiyo maana watu wenye mitambo wanapenda ng'ombe. Baba hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na kuku mia nne kwa siku. Basi akaamua kuwazoesha.

Mwaka wa kwanza, ndoo moja ya kuku kwa ndoo tisa za maganda. Mwaka wa tatu, moja na nusu. Anasubiri, ananusa, anaangalia rangi ya moto, ndiyo anaongeza nusu nyingine. Wanaoshindwa wanakufa. Wanaoweza wanazaa, na watoto wao wanaikuta amonia pale nyumbani kama sisi tulivyolikuta giza, hawajui kwamba kuna wanaoiogopa. Miaka kumi na mmoja ya hivyo, mpaka akafika ndoo nne za kuku kwa sita za maganda, na moto bluu tupu.

Kuna mtaalamu aliwahi kuja na vikaratasi vyake vya kupimia. Akachovya, akatazama karatasi, akamtazama baba. "Mzee, humu ndani hakutakiwi kuwa na kitu hai."

"Usiwaambie," baba akamwambia. "Hawajui."

Na alikuwa na pipa. Pipa la plastiki la bluu, kubwa, lilikaa pembe ya chumba chake, kifuniko kimekazwa, mpira unatoka juu kwenda kwenye chupa ya dirishani ili gesi itoke na hewa isiingie. Wapangaji wa pipa walikuwa darasa la juu. Alichotaka mtambo uweze mwakani, pipa lilikula mwaka huu. Ikiwa mtambo utapata balaa, alisema, mbegu iko ndani.

Amonia ya kuwazoesha wa pipa aliitoa mwenyewe. Alikuwa anawakojolea. Msicheke, mkojo ukikaa ndio unageuka amonia, na baba alikuwa na sukari. Mtu wa sukari anaamka kukojoa kama ana zamu. "Ugonjwa umeniajiri," alikuwa anasema. Mama alikuwa anapiga kelele mwanzoni.

"Mwanamume mzima unalala na choo."

"Silali na choo, mke wangu. Nalala na akiba. Tena mkojo wangu una sukari, wanapata na chai."

Mguu ulipokatwa akawa hafiki mtamboni tena. Akasogeza kitanda mpaka kikagusa pipa, akatoboa kifuniko, akaweka bomba fupi lenye koki ili awalishe akiwa amelala. Kopo lake la bati lilining'inia kwenye koki. Mwaka mzima wa mwisho, kila kilichotoka kwenye ule mwili kiliingia mle.

Mimi wananiita Upepo. Nyumbani, machinjioni, hata shuleni waliniita hivyo, kwa sababu sikai. Begi langu lilikuwa limefungwa chini ya kitanda tangu matokeo yatoke. Kaka wa rafiki yangu anaendesha lori la masafa, alishasema kuna nafasi ya utingo. Baba alijua. Siku moja mchana, sauti imeshakuwa nyembamba, akaniambia, "Utakwenda. Sikuzuii. Lakini usiondoke wakiwa na njaa. Na usiwashibishe ghafla."

"Sawa, baba."

Nilisema sawa nikiwa naangalia simu.

Haya. Wiki moja baada ya kuzika, kukaja oda kubwa, kuku mia nane kwa siku, siku mbili. Damu nyingi, ambayo baba alikuwa anaitenga kwenye shimo lake na kuichota kwa kipimo, ikajaa mpaka pomoni. Maganda ya kuchanganya yalikuwa kwa wauza mboga, safari kumi za toroli, na mimi nilikuwa na mechi. Nikatazama ile damu, nikatazama mdomo wa mtambo. Nikasema chakula ni chakula. Siku ya kwanza ndoo kumi na nane za damu. Siku ya pili kumi na nane nyingine, na mavi juu yake.

Siku tatu kofia ilipanda mpaka ikalala upande. Moto wa jikoni ukawa mrefu kuliko sufuria. Mchinjaji mkuu, mzee mmoja mwembamba anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, akaniita. "Upepo, kumbe baba yako alikuwa anatubania."

Nikacheka. Mjue kwamba nilicheka. Nilijiona nimempita mzee ndani ya wiki moja.

Siku ya nne moto ukawa wa njano. Siku ya sita ukiwasha kiberiti, gesi inakizima. Povu la kahawia likatoka mdomoni mwa mtambo likatambaa uwanjani. Nilipoinama kunusa, amonia ilinipiga mpaka nikalia machozi, na nyuma ya amonia kulikuwa na harufu nyingine, ya siki. Kofia ikashuka, ikakaa chini kabisa, haikunyanyuka tena.

Mama Manyoya akaja na wafanyakazi wote nyuma yake. "Umefanya nini?" Ile sauti yake ndogo.

Na mimi, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Sijafanya kitu, mama. Nadhani umemfuata mwenyewe."

Mchinjaji akavua kofia yake ya sufu. Mama Manyoya akarudi hatua mbili, akashika kifua. Kabla jua halijazama watu wa mtaa walikuwa wanakuja kuangalia, wanasimama mbali mikono nyuma, wanaongea kwa kunong'ona. Hakuna aliyeniuliza ndoo ngapi. Uongo wangu ulipata heshima kuliko ukweli wowote niliowahi kusema.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Nilimwona akisikia. Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea jibu, akaingia chumbani kwa baba, akatoka, akaweka kufuli.

Siku tatu baadaye Mama Manyoya akaniita pembeni. "Mwanangu, wafu tunawaheshimu, lakini maji ya kunyonyolea hayachemki kwa heshima. Nakupa wiki sita. Usiponipa moto, fundi wa kuchomelea atakata ile kofia, nitafukia shimo, nitarudi kwenye kuni. Na vyumba nitampa wa kuni."

Ndio hapo nikaanza kuhangaika kweli. Niliacha kuulisha. Nilichota tope kwa ndoo mpaka likabaki nusu, nikajaza maji kuipunguza ile amonia. Mikono ilinuka mpaka nikawa nageuza uso nikila. Asubuhi naenda kuiangalia kofia, mchana naenda, jioni naenda. Chuma tu.

Na ndio siku zile zile, nikiwa na kucha zangu kwenye ngazi, nikaisikia chupa.

Sikusema kwa mtu. Ungesema nini? Nilijiambia pipa limebaki na mabaki, yataisha. Lakini pipa lisilolishwa lilitakiwa kunyamaza kitambo. Lile halikunyamaza. Kila siku saa saba mchana, machinjio yakiwa yamepoa na watu wamelala chini ya meza za vigae, nilikuwa napita pale dirishani nikijifanya natafuta kitu, nahesabu. Sita. Na harufu ilikuwa inatoka kwenye ule wavu, mkojo wa mtu wa dawa na sabuni ya kuogea, harufu ya kumgeuza baba ubavu. Nilikuwa naikwepa, halafu narudi kuinusa.

"We Upepo," Mchinjaji akanikuta siku moja, "mbona unapita dirisha la marehemu kama unamwibia?"

"Nimedondosha wembe."

"Tangu juzi?"

Siku iliyofuata nikasikia sauti ndani. Sauti ya mama, ya chini, ile aliyokuwa anaitumia miezi ile ya mwisho. "Kunywa. Polepole. Yapo mengine." Halafu kitu kikakoroma kwenye koo pana. Halafu chupa ikaenda mbio, plup plup plup, mtu aliyepaliwa, ikatulia taratibu. Ikarudi kwenye sita.

Nilihamishia godoro langu barazani. Mama akaniuliza kwa nini, nikasema joto.

Siku ya tano mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikasukuma.

Mama alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda cha baba. Shati la baba lilikuwa limetandikwa pale alipokuwa analala, mikono imenyooshwa. Kopo la bati mkononi mwake, analimimina kwenye lile bomba la juu ya pipa, na sikio lake liko kwenye plastiki. Hakushtuka.

"Ingia. Funga mlango, wanapata baridi."

Nikaingia. Nikafunga.

"Unawalisha nini?"

"Unadhani ninachuma wapi?" akasema. "Changu. Na mavi ya kuku kijiko kimoja. Alinifundisha. Aliniambia, mke wangu, ukichoka na mimi usichoke na hawa."

Niliona aibu na nafuu pamoja. Halafu akili ikarudi, nikaona ninachokitazama. Wale ndani ya pipa walikuwa ndio hasa ninaowahitaji. Walioishi kwenye amonia kali kuliko ya mtambo. Ndoo kumi na mbili, pengine kumi na tatu. Mbegu.

"Mama," nikasema, "hili pipa tulimimine mtamboni. Hawa wataweza. Wale wengine wamekufa, lakini kwa hawa amonia ndiyo nyumbani."

"Pipa hili haliendi popote."

"Mama, tutafukuzwa."

"Tutafukuzwa nalo." Akaweka kopo chini. "Mtambo ulimfuata baba yako, wewe mwenyewe ulisema. Ulipozimika, nilijua kwamba amechukua vyake vyote. Isipokuwa hiki. Mwaka mzima hawa wamekula kilichotoka mwilini mwake. Wamekula, wamezaa, waliozaliwa wamekula. Humu ndani kuna mzee wako mwingi kuliko yule tuliyemfukia. Sasa unataka nimpeleke kwenye shimo lililokufa? Nimzike mara ya pili?"

Chupa ikasema plup nje ya dirisha.

"Unasikia anavyopumua?" mama akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, alitaka shahidi.

"Nasikia," nikasema. Nikatoka.

Mngekuwa nyinyi mngesema pale pale. Mimi nilikaa siku nyingine sita. Kwa sababu kuvuta lile pipa nilitakiwa kwanza kuvuta lile neno langu, na kila siku lilikuwa limeota mizizi zaidi. Mama alikuwa analala vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo. Ningemnyang'anya.

Siku ya sita fundi wa kuchomelea akaja kupima, chaki sikioni. Kijana mchangamfu, anaimba chinichini. Akaizunguka kofia, akachora mstari mweupe pande zote, pale pale chuma kilipokutana na ukingo wa saruji. "Nitakata hapa," akasema. "Nikija mkiwa mmeshaondoa vitu vyenu itakuwa rahisi kwangu, maana cheche zinaruka." Akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Nikampa.

Ule mstari wa chaki sikuweza kuutazama.

Nikaenda chumbani. Saa saba. Mama alikuwa ameketi kitandani anashona kifungo kwenye lile shati la baba.

"Mama. Mtambo haukumfuata baba. Niliuua mimi."

Sindano ikasimama. Chupa ikapiga. Nikahesabu sita, ikapiga tena. Sita nyingine.

"Ndoo ngapi?" akasema.

"Thelathini na sita."

"Za maganda?"

"Za damu."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili."

Akakata uzi kwa meno. Akakunja shati, mara mbili, mara tatu, mpaka likawa dogo kama kitabu. "Na mimi nimekaa humu," akasema, "nikimwambia asiwaze, kwamba wapangaji wake wote wamemfuata, hayuko peke yake kule. Kumbe nilikuwa nampelekea habari za uongo. Kila siku. Mtu mwenyewe hakupenda uongo hata wa mchezo."

Nilisimama na mikono yangu.

"Angekupiga kwa gongo," akasema.

"Najua."

"Angekupiga, halafu angekuuliza ulinusa nini."

"Amonia. Halafu siki."

"Siki ilikuja siku ya ngapi?"

"Ya sita."

Akaliweka shati pembeni. "Basi pua unayo," akasema. "Masikio ndio huna." Akafungua pindo la nguo, akaniwekea ufunguo mkononi, ingawa mlango ulikuwa wazi. "Kwanza kawaambie wale wa mbele. Wote. Sitaki mtu amiminwe juu ya uongo."

Nikaenda. Nikasimama kati ya masufuria nikasema. Mama Manyoya alinitazama mpaka nikahisi nanyonyolewa. "Yaani wiki zote hizi nimetembea kwa ncha za vidole kwenye uwanja wangu mwenyewe," akasema, "kwa sababu wewe ulikuwa na mechi."

"Ndiyo, mama."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa."

"Afadhali." Akageuka. Wiki sita hazikubadilika, zilibaki siku kumi na saba.

Kumimina hakukuwa kumimina tu. Mama alikuwa amemsikiliza baba miaka kumi na mmoja akiongea peke yake, na kumbe alikuwa ameshika kila kitu. Usiwatupe mara moja, akasema, wapelekee kwanza maji ya mtambo huku huku waonje. Basi ndoo ya tope la mtambo ikaingia kwenye beseni, ndoo ya pipa juu yake, tukafunika kwa siku nzima. Kesho yake ndoo tatu. Keshokutwa nne. Siku ya nne tatu. Nilihitaji kitambaa cha kuchuja manyoya. Nikavuta begi chini ya kitanda, nikatoa shati langu la shule, lile wenzangu waliloandika majina siku ya mwisho. Tope likapita kwenye majina yao yote.

Mchinjaji alikuja kusaidia kubeba. Akachungulia ndoo. "Hii nini?"

"Mume wangu," mama akasema.

Nilisubiri utani. Mchinjaji akavua kofia ya sufu, akaitia mfukoni, akaibeba ile ndoo kwa mikono miwili kupita uwanja mzima, hatua ndogo ndogo, asimwage hata tone.

Ile harufu ilifunguka pale mdomoni mwa mtambo, mkojo, dawa, sabuni, na ikakaa juu ya uwanja. Mama alisimama ndani yake mpaka upepo ukaja.

"Bakiza ndoo mbili chini," akasema. "Hakuwahi kumaliza akiba."

Siku hiyo chupa ikanyamaza. Hamjui kimya mpaka kitu mlichokuwa mnakiogopa kinyamaze. Nilipita dirishani saa saba, nikasimama, nikahesabu sita, nikahesabu sitini. Mama alikuwa ndani, na yeye anahesabu, nilimwona midomo. Alirudi kukonda. Chakula alikuwa anasogeza tu sahani. Mimi kila asubuhi nusu ndoo tu ya maganda, nainama, nanusa. Amonia. Siki. Amonia. Siku ya kumi siki ilikuwa imepungua au nilikuwa naitaka ipungue. Kofia ilikuwa chuma tu, imekaa chini na mstari wake mweupe.

Siku ya kumi na saba fundi akaja asubuhi na mitungi yake kwenye toroli, anaimba. Mama Manyoya akasimama mbali. Vitu vyetu vilikuwa vimefungwa barazani, pipa limesimama juu ya kitanda kilichobomolewa. Fundi akavaa miwani, akapiga magoti kwenye kofia, akatafuta mstari wake.

Akavua miwani.

"Nani amefuta chaki yangu akachora nyingine?"

"Hakuna aliyegusa," nikasema.

"Mimi nilichora usawa wa saruji." Akaweka mkono. Kati ya saruji na ule mstari mweupe kulikuwa na vidole vinne vya chuma chenye unyevu. Wakati tunatazama, kofia ikatoa sauti, mlio mdogo wa kutu, ikajisogeza. Fundi akarudi nyuma akiwa bado amepiga magoti. Akaanza kukusanya mipira yake ya mitungi, haraka. "Mama, nisamehe, mimi sikati kitu kinachopumua. Kwanza tungeruka wote."

Mchinjaji alikuwa ameshakimbilia jikoni. Tulisikia kiberiti cha kwanza. Cha pili. Halafu hatukusikia kitu, na Mama Manyoya akaniambia kwa ile sauti ndogo, "Nenda ukaone." Nikaenda. Chini ya sufuria kubwa kulikuwa na duara la bluu, dogo, jembamba, linatetemeka. Mchinjaji alikuwa amechuchumaa analitazama, kofia yake mkononi.

Vitu tukarudisha ndani.

Mchana mama alichukua kiti chake akakiweka kando ya mtambo, mgongo kwenye saruji. Nikamletea maji. Pale ukingoni, gesi kidogo inapenya kwenye maji yanayozunguka kofia, povu moja moja. Sikutaka kuhesabu. Nilihesabu. Ilikuwa sita.

"Yuko huko," mama akasema, macho yamefumbwa. "Usimwongezee kitu mpaka nikwambie."

Halafu akasema, "Pipa lina ndoo mbili, na linahitaji kulishwa. Changu hakitoshi tena. Ni cha mwanamke mzee, maji matupu."

Nilielewa. Nilienda chumbani kwa baba. Kopo lilikuwa linaning'inia kwenye koki. Nilijisikia mjinga, halafu sikujisikia mjinga. Nikaongeza kijiko kimoja cha mavi ya kuku, nikajaza maji mpaka usawa wa alama ya baba ubavuni mwa kopo, nikamimina, nikakaza koki, nikatoka kwenda kuchukua maganda.

Siku nne chupa ilikaa kimya. Kaka wa rafiki yangu alipiga simu, lori linaondoka Jumamosi. Nikamwambia nitampigia. Begi lilikuwa limelegea, shati halimo.

Siku ya tano, saa saba mchana, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Plup.

Nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikaanza kuhesabu, moja, mbili, plup. Moja, mbili, plup. Moja, mbili. Haikuwa ya baba. Ilikuwa ya haraka haraka, pumzi ya mtu anayetaka kwenda mahali, na ilikuwa inatoka ndani ya chumba kile.